Mkonge Kabla ya Mkonge

Shuleni tulifundishwa kwamba mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vipando 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro, reli, kambi za vibarua, na ule msemo wa dhahabu ya kijani. Nilikariri, nikajibu mtihani, nikapata alama zangu.

Hakuna mwalimu aliyetuuliza swali moja jepesi: kama mmea wenyewe ulikuja mwaka 1893, neno mkonge lilitoka wapi? Si la Kijerumani. Si la Kihispania cha huko Meksiko ulikoota mmea huo tangu zamani. Lina ngeli yake, lina wingi wake, na nyuzi zake zinaitwa konge. Ni neno la nyumbani kabisa.

Jibu ni kwamba neno lilikuwapo, na mmea wake ulikuwapo. Kabla ya mgeni kufika, mkonge lilikuwa jina la ule mmea ambao leo tunauita mkonge mwitu au mkonge pori: majani mazito yanayochomoza moja kwa moja ardhini, mengine bapa yenye mabaka, mengine ya mviringo yenye ncha kali kama mkuki, yakijificha chini ya vichaka na pembeni mwa vichuguu. Wamasai wanauita oldupai. Bonde ambalo dunia nzima inalitaja inapozungumzia asili ya binadamu limepewa jina la mmea huo, ila Wajerumani walilisikia vibaya wakaandika Olduvai. Waingereza waliuita katani ya upinde, kwa sababu nyuzi zake zilitengeneza ugwe wa kuvutia mishale. Spishi moja inabeba jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, na wataalamu wa bustani ya Kew kule London waliandika juu ya nyuzi zake wakiziita katani ya Pangani. Pangani ileile. Hindorf aliteremsha vipando vyake mahali ambapo watu walikuwa na mkonge wao tayari.

Kilichotokea baadaye kinatokea mara nyingi katika historia. Mgeni alichukua jina, na mwenye jina akaambiwa yeye ni wa mwitu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Utafiti wangu unahusu wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita. Nilitegemea kuandika juu ya leseni, zebaki na bei ya gramu, na hayo nitayaandika. Lakini kila nilipokwenda nilikuta kamba. Kamba imefunga miti ya banda. Kamba imening'iniza ndoo. Kamba ndiyo inayomshusha mtu shimoni asubuhi na kumpandisha jioni. Nikaanza kuuliza: kabla ya kamba hizi za dukani, watu wa Usukuma walifungia nini? Nikagundua kwamba swali hili halina faili katika nyaraka.

Halina faili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kamba ya mmea huoza. Jiwe linabaki, chungu kinabaki vipande, chuma kinabaki kutu. Kamba inaliwa na mchwa. Mwaka 2020 watafiti waliokuwa wakichunguza pango la Abri du Maras nchini Ufaransa walitangaza kwamba wameona kwa hadubini kipande cha kamba kilichoganda kwenye jiwe la kukatia. Urefu wake ni kama milimita sita tu. Kilitengenezwa kwa nyuzi za gome la ndani la mti, mafungu matatu yamesokotwa pamoja, na umri wake ni kati ya miaka 41,000 na 52,000. Waliokisokota ni Neanderthal, wale ndugu zetu wa kale ambao kwa muda mrefu tuliwadhania mabwege. Milimita sita za kamba zilitosha kubadilisha heshima yao. Fikiria basi ni mita ngapi za kamba zimeoza katika udongo wa Afrika, ambako mchwa hawalali.

Sababu ya pili ni kwamba kamba ya nyumbani haikulipiwa ushuru. Nyaraka za kikoloni za Kanda ya Ziwa zimejaa vitu vilivyopimwa kwa mizani: pamba, ngozi, ng'ombe, dhahabu, almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940. Kamba aliyoisokota mtu barazani kwake ili afunge ndama haikupita kwenye mizani yoyote. Kwa hiyo katika karatasi za serikali haikuwahi kuwapo.

Ilinibidi niende kwa wenye mikono. Wilayani Kishapu nilielekezwa kwa babu mmoja mwenye umri wa miaka themanini na ushee. Nilimwamkia "Mwangaluka, babu," akaitikia, akaniuliza ukoo wangu, akaniuliza nasomea nini. Nilipomwambia nasomea historia na nimekuja kuuliza habari za kamba, alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, wamekutuma mjini kusoma, unarudi kuuliza kamba?"

"Ndiyo, babu. Huko mjini hawaijui."

Hilo lilimridhisha. Akaanza kunitajia miti kama mtu anayetaja wajukuu. Mbuyu, ambao kwa Kisukuma ni ng'wandu, una gome la ndani lenye nyuzi ndefu na laini, linafaa kamba nene. Mkole hutoa kamba za haraka za kufungia kuni. Msegese nao unafaa. Mtundu na jamaa zake wa miyombo hutoa magome mapana. Hayo yalifunga fito za nyumba ya msonge na maghala ya nafaka. Mkonge mwitu ni wa kazi ya heshima: ugwe wa upinde, mitego, kamba nyembamba isiyotakiwa kunyooka.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mbuyu ukiuvua, unavaa nguo nyingine. Mtundu ukiuvua, umeuzika."

Ni elimu ya mimea iliyobanwa katika sentensi mbili. Mti ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote, njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini hukatika, na miti mingi hufa. Mbuyu una uwezo adimu wa kuotesha gome jipya juu ya kidonda, ndiyo maana mibuyu mingi ya zamani ina makovu na mikunjo kiunoni. Kwa hiyo mibuyu ilivuliwa na kuachwa ipone. Miyombo ilichukuliwa matawi, au ilivuliwa ile iliyokuwa tayari inakatwa ili kufungua shamba. Na vyote vilifanywa wakati wa mvua au mara baada yake, utomvu ukiwa juu, gome likikubali kutoka bila ugomvi.

Mkonge mwitu una kazi nyingine. Jani hukatwa, hulazwa juu ya gogo, huparuzwa kwa ubapa wa mti au kisu butu hadi nyama yote ya kijani itoke. Kinachobaki ni nyuzi nyeupe zinazong'aa. Huoshwa, huanikwa, kisha ndipo kusokota.

Kusokota nilionyeshwa kwa nyuzi za gome lililolowekwa. Fungu moja linakunjwa katikati ili kuwe na ncha mbili. Kila ncha inasokotwa peke yake juu ya paja kwa kiganja, zote kuelekea upande mmoja. Kisha zinaachiwa zizungukane kuelekea upande wa pili. Siri yote iko hapo. Kila ncha inataka kujifungua, lakini namna pekee ya kujifungua ni kuzidi kumkaza mwenzake. Ncha moja ikikaribia kwisha, unaingiza nyuzi mpya kabla ya ya kwanza kumalizika, na unahakikisha maungio ya ncha mbili hayakutani mahali pamoja. Wahenga wanasema kamba hukatikia pabovu, na msokotaji anajua pabovu ni pale alipounga kwa uvivu. Nyuzi za urefu wa shubiri moja, hakuna hata moja inayofika mbali, zikipishana vizuri zinakuwa kamba ya kumvuta ng'ombe kutoka kwenye tope.

Nikiwa na mafunzo hayo nilirudi kwenye vitabu, na nikaanza kuiona kamba pale ambapo zamani nilipita haraka.

Niliiona kwenye misafara ya karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe, shanga na marobota ya nguo kati ya nyanda za juu na pwani, safari ya miezi. Kila mwanafunzi wa historia anajua bei ya pembe. Lakini mzigo wa mpagazi ni kitu kilichofungwa. Ukilegea njiani, bega linaumia na msafara unasimama. Porini hakuna duka, kwa hiyo mtu aliyeweza kubandua gome na kulifanya kamba alikuwa anatengeneza njia ileile aliyokuwa anaipita.

Niliiona pia kwa kukosekana kwake, katika historia ya mbung'o. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Kiingereza iliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, mtu aliyetumia miaka yake yote hapa kutafuta namna ya kumfukuza mdudu huyo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa iliyotumika sana ilikuwa shoka na moto. Watu waliitwa kupitia watemi wao, wakafyeka vichaka maili kwa maili. Sina nia ya kulibeza hilo. Malale yaliua watu na nagana iliua ng'ombe, na ardhi iliyofyekwa ililisha familia nyingi. Lakini katika ripoti kichaka kina kazi moja tu, nayo ni kumficha mbung'o. Kwa babu wa Kishapu, kichaka hichohicho kilikuwa stoo ya kamba, dawa, mizinga na nguzo. Pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imeanza kuitwa jangwa.

Wasukuma walikuwa na jibu lao la zamani, ngitili: eneo linalofungwa ili majani na miti ipumzike, ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kufungwa mwaka 2004, ulifanikiwa kwa sababu uliacha kuwafundisha watu jambo jipya ukawasaidia kurudia lao. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa ngitili. Miti mingi ambayo babu alinionyesha imo ndani ya ngitili ya ukoo wao. Ni midogo kuliko yeye.

Halafu kuna kejeli ya manamba. Wakati vichaka vya Usukuma vinafyekwa, vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walikuwa wanasafiri kwenda pwani kukata mkonge wa Hindorf. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa Tanga. Walipewa kipande, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya vibarua hao kutoka mikoani. Mtu aliyejua kutoa konge kwenye jani kwa kisu butu akawa anahesabiwa mafungu ya majani, ili mashine itoe nyuzi, ili meli ichukue nyuzi, ili mkulima wa Ulaya au Marekani afunge majani yake makavu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani. Sidhani kama imewahi kutokea duniani nchi kusokotea wengine kamba nyingi kiasi hicho huku watu wake wakianza kusahau ya kwao.

Kisha ikaja plastiki. Mwaka 1954, nchini Italia, Giulio Natta na wenzake walifanikiwa kutengeneza polipropilini inayoweza kuvutwa ikawa nyuzi. Haiozi upesi, ni nyepesi, ni rahisi. Ziwani wavuvi walishaanza kuzipokea nyavu za nailoni katika miaka hiyohiyo ya 1950. Bei ya katani ilianguka, mashamba yakataifishwa, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Leo ukiingia duka lolote la vifaa Kahama au Katoro, unaomba "kamba ya manila" na unapewa plastiki ya bluu au ya kijani.

Hapo tena neno limehama. Manila ni mji wa Ufilipino. Kamba ya manila ilikuwa kamba ya abaka, mmea wa jamii moja na mgomba wetu, zilizotoka bandari ile kwenda kufunga meli za dunia nzima. Plastiki ilipochukua kazi, ikachukua na jina. Kwa hiyo mchimbaji wa Geita anayeshuka shimoni ameshika neno la mgomba wa Ufilipino lililovaa plastiki, kama vile baba yake Tanga alivyokata mmea wa Meksiko uliovaa jina la kichaka cha nyumbani.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba turudi kwenye magome. Siwezi. Katika shimo lenye unyevu, kamba ya gome ingeoza kabla ya mwezi kwisha. Babu mwenyewe ng'ombe wake wamefungwa manila, nilipomuuliza, aliniangalia kama mtoto: "Sasa nimsokotee ng'ombe kila mwaka, na mtoto wa duka yupo?" Na ukanda wa dhahabu unaila miti kwa njia nyingine. Kuta za maduara hushikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa kutoka juu hadi chini, na magogo hayo hutoka kwenye miyombo. Kila duara jipya ni kipande cha pori kilichoingia ardhini kimesimama wima. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, shimo liliporomoka na wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakisimulia jinsi walivyokula mizizi na mende. Mwenzao wa sita hakurudi. Tangu niliposoma habari ile siwezi kuandika neno matimba bila kusita.

Kwa hiyo ninachokitafuta ni ule ujuzi wa kuitazama kamba, na kama nao ulioza pamoja na magome.

Mwaka huu nilikaa siku kadhaa kwenye duara moja katika ukanda wa Geita. Winchi yao ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, mpini kila upande, watu wawili wanazungusha. Mmoja wao, kijana wa rika langu ambaye wazazi wake wanatoka Maswa, alikuwa na mazoea ambayo wenzake walishayazoea kiasi cha kutoyaona. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, aliipitisha kamba yote kiganjani mwake, macho yakiwa kwingine. Akifika mahali anasimama, anaishika kwa mikono miwili, anaisukuma ndani kinyume cha msokoto mpaka ncha zinafunguka kama kinywa, anachungulia ndani. Nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Kwa baba. Alikuwa anasokota za ng'ombe."

"Za manila?"

"Za magome. Anasema nje ya kamba inakudanganya. Ile ndani ndiyo inasema ukweli."

Siku ya tatu alifungua mahali fulani, akachungulia, akaikunja kamba yote na kuiweka chini. Ndani ya msokoto nyuzi zilikuwa zimegeuka unga mweupe. Msimamizi alikuja, akaitazama kwa nje, akasema bado iko imara, watu washuke, karasha inasubiri mawe. Kijana hakubishana. Alikaa juu ya ile kamba. Wenye zamu ya kushuka, watu sita, walimtazama yeye, wakamtazama msimamizi, kisha mmoja wao akakaa chini, na wengine wakafuata.

Tulikaa kivulini mpaka saa saba mchana. Mtu alitumwa Katoro kwa bodaboda, akarudi na kamba mpya ya mita sitini ikiwa bado na karatasi ya dukani. Kijana aliichukua, akaanza kuifungua mwanzo hadi mwisho, nayo pia, mahali baada ya mahali, akichungulia ndani.